Nusu Dripu

Siku ya kumi na saba, Arua,
wodi ya wanawake, kitanda cha nne kutoka mlangoni.
Chini ya kitanda hicho ndiko ninakolala:
mkeka, sufuria, dumu la njano,
kiatu kimoja huku, kingine kule,
kama vya mtu aliyeanza safari mbili.

Mama amelalia ubavu ambao kiharusi hakikuugusa.
Namgeuza. Namlisha uji kwa kijiko cha chai.
Namfuta, namsemesha habari za mbuzi
ambao nadhani wameshauzwa.
Usiku naamka kusikiliza kama anapumua,
kisha najisikiliza mwenyewe
na sisikii kitu.

Jana nesi Munduru alinishika bega:
"Dada, na wewe ni mgonjwa wa kitanda gani?"
Hakucheka.

Leo ametundika dripu mpya,
akahesabu matone kwa saa yake ya mkononi,
akasema itaisha saa sita.
Nikautazama mfuko ulivyojaa.
Nusu yake, nikasema moyoni, ni yangu.

Nikachukua sabuni.
Sabuni yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa hela yangu,
na bado nilinyata nayo kama mwizi wa kuku.

Nyuma ya jiko la wauguzaji kuna bomba moja na foleni.
Nikapanga dumu langu. Nikavua kilemba.
Maji ya kwanza yalitoka na joto la jua,
nikayaacha yanipitie vidoleni, bure tu, bila kuyakinga.
Halafu nikaketi juu ya tofali na jiwe langu
nikaanza na kisigino cha kushoto.
Kilikuwa kimepasuka kama shamba la Januari.
Polepole. Polepole zaidi ya hapo.
Kwa muda ule ningefua shuka tatu;
najua, kwa sababu nilizihesabu.

Ndipo hatia ikaja, ikavuta tofali, ikakaa,
na sauti yake ilikuwa ya wifi yangu Onziru:
"Mama wa watu hawezi kuinua mkono,
wewe huyo, unang'arisha miguu. Unakwenda kucheza wapi?"
Sikuwa na jibu.
Nikafungua kopo la mafuta ya shea
nikajipaka huku inaniangalia.

Mimi ni Candiru. Kwa Kilugbara jina hilo ni shida,
na shida ndiyo iliyokuwapo
mwaka ule watu walipokimbilia Kongo
nami mgongoni, sijafikisha mwezi.
Njiani, kwenye kijito, mama alisimama,
akanishusha, akatoa chanuo kwenye fundo la kanga,
akaanza kuchana nywele.
Watu wakamfokea: vita viko nyuma yetu
na wewe unachana nywele!
Akawajibu, "Inayokimbia ni miguu."
Akamaliza. Akasuka mstari mmoja. Akanibeba.
Kisa hicho nimekisikia mara mia
nikidhani ni cha kuchekesha.

Kwa mwenye beseni langoni nikanunua yai la kuchemsha.
Sikulimega. Sikuhifadhi kiini kwa ajili ya mtu.
Nililila lote, na chumvi,
nimeegemea ukuta wenye jua,
na kwa tafuna kama nne hivi
sikuwa binti wa mtu wala mke wa mtu,
nilikuwa mdomo wenye njaa unaokula yai.

Niliporudi mfuko ulikuwa nusu,
sawa, chini ya nusu kidogo.
Tone lilikuwa linaanguka kama nilivyoliacha.
Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.
Mama akanusa yale mafuta, pua ikacheza,
akalala tena.

Nikamgeuza. Mikono yangu ilikuwa laini, haikumkwaruza.

Kesho kuna dripu nyingine.
Kisigino cha kulia bado.