Kinundu Juu

Bi Una Galbraith, ghorofa ya tatu, Paisley,
amenifungulia mlango kabla sijagonga.
"Umekuja na ngazi?" Nimekuja nayo.
Navua viatu. Zulia linanuka chumvi.

Tangi lina urefu wa futi sita. Marehemu Rennie
alilijaza ndoo kwa ndoo,
na sasa matumbawe yamepauka
kama shuka lililosahauliwa kambani.
"Balbu nilibadilisha mwenyewe, mwezi wa tatu.
Nilifuata karatasi."
Karatasi ni ya balbu nyingine.

Nachomoa waya ukutani, halafu nakaa.
Balbu ya halidi haina pupa:
ukishaizima haikubali kuwashwa papo hapo,
itajipoza robo saa gizani,
hata uibembeleze, hata basi lako liwe linaondoka.

Basi tunakunywa chai, na ananiuliza,
kama wanavyouliza wote,
iwapo matumbawe ya kwetu yana rangi kama hizi.
Bi Una, mimi mtu wa Singida.
Kwetu ni mawe, uwele, alizeti,
na ziwa lenye chumvi lisilo na mambo haya.
Tumbawe la kwanza maishani mwangu
nililiona hapa hapa, siku ya mvua,
nyuma ya duka moja mtaa wa Causeyside,
likinitazama bila macho.
Anacheka, chai inamwagika kwenye kisahani.

Imepoa. Naishika kwa kitambaa:
kidole kitupu huacha mafuta,
mafuta huacha doa, doa hula moto peke yake,
na kioo hupasuka usiku watu wamelala.
Tazama, ndani ya kioo kuna mrija mdogo,
na kwenye mrija kinundu,
pale mafundi wa kiwandani walipoufunga
kama kitovu cha mtoto.
Hicho hutazama juu, kwenye bati linaloakisi,
si chini kwa samaki.
Kikitazama chini, kivuli chake
kinaanguka katikati ya mwanga wake.

"Miezi saba kimetazama chini?"
Miezi saba.
Na taa umeishusha mno, inchi nne tu.
"Niliona yanafifia, nikayasogezea mwanga."
Ndiyo. Yalikuwa yanaungua,
ukadhani yanaona baridi.

Hasemi kitu. Anaokota kijiko, anakirudisha.

Napima kwa shubiri, kisha kwa futi ya chuma,
maana shubiri yangu inanidanganya kidogo:
inchi kumi na mbili kutoka kwenye maji.
Wala si juu ya ule mhimili wa kioo wa katikati,
mhimili hula mwanga bure na kunywa joto.
Moja kushoto, moja kulia,
kila moja juu ya kitovu cha nusu yake.
Kioo cha kinga narudisha. Bila hicho
mwanga huu hutafuna ngozi.

Nawasha.
Kwanza zambarau hafifu, ya kuchechemea,
unadhani imekufa. Dakika moja. Mbili.
Kisha weupe unapanda, unapanda,
na vijimawimbi vya nuru vinatembea darini,
juu ya picha ya Rennie na baiskeli yake,
juu ya kabati, juu ya mikono yetu.
Kitatange mmoja, sikujua yumo,
anachungulia kutoka nyuma ya jiwe.

"Yatarudi?"
Mengine. Lile la pembeni, sijui.
Wiki hii uwashe saa tatu kwa siku, usizidishe,
wiki ijayo nne.
"Na kile kidude, kwenu mnakiitaje?"
Kinundu.
Analitafuna neno mara mbili tatu,
anakata utepe mweupe, anaubandika ubavuni mwa taa:
KINUNDU JUU, kwa kalamu nene, na mshale.

Mshale umeinama kidogo kuelekea dirishani.
Nimeuacha hivyo.
Nabeba ngazi, nashuka, nje kunanyesha bado.