Sakafu ya Knedlík

Muuzaji, kijana Radim, ananionesha mfuko:
mchanga mwekundu, laini kama mdalasini uliosagwa,
juu yake picha ya jangwa na mjusi anayetabasamu.
"Huu ni wa asili, mzee. Wanaupenda."
Namwambia aufungue. Anasita. Anafungua.
Nachota, naachia chini ya taa, nahesabu:
moja, mbili, tatu, nne, tano,
na vumbi bado linaelea.
Rudisha.

Miaka thelathini na moja nilikula mkate chini ya Ostrava,
makaa upande huu, mwamba upande ule,
wala hakuna aliyetuuliza tunapenda nini.
Vumbi zito huangukia buti, halina neno.
Linalokawia hewani ndilo linalokuja kupanga chumba.

Mjusi wa kwanza alikufa Februari.
Zdislava alimwita Knedlík, andazi la kuchemsha,
kwa jinsi mkia wake ulivyonona.
Alimrukia nyenje, akamkosa,
akameza mchanga, akajilamba, akangoja mwingine.
Sisi tulicheka.
Daktari wa wanyama alitukabidhi eksirei:
tumboni donge jeupe, kama saruji iliyogandia bombani.

Usiku ule niliibandika dirishani jikoni
kando ya ile yangu, ya mapafu.
Theluji ya nje ikazimulika zote mbili.
Mjukuu wangu, miaka tisa, akatazama huku, akatazama huku,
akauliza:
"Babu, na wewe ulimkosa nyenje?"

Basi leo nachagua kama mtu anayenunua kiwanja.
Maranda ya mwerezi yananukia kabati la bibi harusi,
lakini utamu huo ni mafuta, na mafuta hayo
ni moshi kwa pua ndogo kama tundu la sindano.
Maganda ya jozi yaliyopondwa: natia mdomoni, nang'ata.
Yana makali. Radim anatazama pembeni
nikitemea leso.
Magunzi ya mahindi yananywa maji, yanavimba,
kesho yameota ukungu. Hapana.

"Sasa unataka nini, mzee?"

Nilichotaka kilikuwa stoo, nyuma ya ngazi:
vigae vya bafuni vilivyobaki
tangu mwaka ambao marehemu Květa alitaka kijani kila mahali.
Nikanunua kipimajoto, nisionekane mwizi wa muda wa watu.

Nimevipanga upande wa mikwaruzo juu, kucha zishike.
Nyufa nimeziziba, nyenje asipate pango.
Pembeni kikopo kilicholazwa, ndani karatasi ya jikoni yenye unyevu,
ajifiche humo siku ya kujivua ngozi.
Si jangwa. Ni bafu la mke wangu, limekatwa kwa msumeno.

Huyu wa pili bado hana jina.
Zdislava amekataa kumpa mpaka mwezi upite.
Tumekaa mbele ya kioo, taa ya sebuleni tumezima,
kifua changu kinakoroma kama birika kuukuu.
Nyenje anatua. Mjusi ananyata, anatingisha ncha ya mkia,
anaruka,
anakosa,
analamba kigae,
na ulimi unarudi mtupu.

Zdislava anapiga makofi.