Herufi Mia Tano

Kila mwanafunzi nimepewa herufi mia tano,
pamoja na nafasi na vituo.
Humo nimtie mtoto mzima:
alichosoma, alichohisi, alivyobadilika
(sharti awe amebadilika;
vyuo havina haja na mtoto aliyetulia).
Hapa Andong ni Novemba, tunda za ginko zinanuka uani,
nami nakata viunganishi
kama fundi cherehani anayeiba kitambaa cha mteja.

Ok Seulgi alikuja mwaka wa kwanza
na kisanduku cha kiberiti mfukoni.
Ndani mna kipande cha gome, juu yake madoa ya kijivu.
"Kuvumwani," akasema. "Si kiumbe kimoja, mwalimu.
Ni wawili waliokubaliana."
Siku tatu alinifuata na lenzi yake ya plastiki,
kidato kizima kikimcheka, hasikii.
Nami nikamwambia, maskini mimi, nikamwambia:
hili ni zuri, tulitie kwenye rekodi.

Likatiwa.
Likapewa kichwa, dhana, jedwali, hitimisho.
Mwaka wa pili aliniuliza kuvumwani ikae safu gani,
ya utafiti au ya vipaji.
Mwaka wa tatu nilimwita nyuma ya bwalo,
nikamwonyesha ukutani doa jipya,
rangi ya kiini cha yai.
Akatazama saa.
"Hiyo nilishaimaliza, mwalimu."

Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, sawa.
Lakini nani aliwahi kumuuliza ng'ombe
kama majani yalikuwa matamu?

Jumamosi palikuwa na basi la kwenda kwa wazee.
Saa mbili kwa kila mtoto, muhuri wa zambarau.
Walikata kucha za watu wasiowajua,
walisoma magazeti kwa sauti,
waliibiwa kete za baduku na Bwana Tak, wakanyamaza.
Niliwadharau kidogo, kisha nikaona haya,
maana wengine walikuwa wanacheka kweli,
na kucha zilikuwa zimekatwa kweli.

Ndipo ukaja waraka. Kurasa tisa,
na katikati ya ukurasa wa sita, mstari mmoja:
saa za kujitolea hazitapelekwa tena vyuoni.

Jumamosi ile dereva alingoja hadi saa nne,
akazima injini, akamenya kiazi kitamu.
Alikuwa anatupa maganda
alipotokea Pyo Garam, kachelewa, kamba za viatu hazijafungwa,
akapanda peke yake.

Wenzake walisema hakusoma waraka.
Jumatatu nikamuuliza.
Alisoma. Ila aliacha mchezo akiongoza kwa kete nne,
na Bwana Tak ukimwachia wiki mbili
atawaambia wauguzi wote kwamba ameshinda.

Usiku nilifungua rekodi yake.
Safu ile imefungwa, kijivu, haipokei hata nukta.
Nikajaribu kuipenyeza kwenye Tabia:
*Ni kijana ambaye, hata pasipo*
Nikasimama. Mshale ukapepesa.
Nikiandika hivi, nikawaza, wiki ijayo basi litajaa
watoto wenye viatu visivyofungwa,
kila mmoja anadai kete nne.
Nikafuta. Sijui kama nilimlinda au nilimdhulumu.
Nafasi yake nikaandika kwamba ana bidii katika fizikia,
ambayo haipendi.

Nasikia Bwana Tak anauliza
wale wasichana wa kucha wamepatwa na nini.
Mimi mwenyewe sijaenda.
Nina watoto thelathini na mmoja wa kuandika kabla ya Ijumaa,
na Seulgi amezidi kwa herufi kumi na moja.
Nimesoma upya, juu hadi chini,
natafuta neno ambalo chuo hakitalikosa.
Nimeondoa *kuvumwani*.
Hizo ni tisa.
Zimebaki mbili.