Nane Iliyomeguka

Siku tatu kabla ya mnada, ghalani Kitangari,
nane ilianza kumeguka.
Ubavu wake wa kushoto ukaliwa,
ikabaki tatu, imesimama bila haya
mbele ya jina la Bi Somoe Nampembe:
kilo mia tatu na kumi na mbili.

Alileta mia nane na kumi na mbili.
Mizani ilisema. Wapagazi walisikia.
Mimi karani niliziingiza kwa vidole hivi hivi
vyenye weusi wa korosho usiotoka kwa sabuni.

"Kumbe siku hizi kangomba imeingia kwenye umeme,"
akasema, wala hakupaza sauti,
na foleni nzima ikaelewa.

Nikakipiga kioo kofi. Nikalaumu vumbi.
Programu nikaifuta, nikaipandikiza upya
mara tatu, kama mtu anayepaka chokaa
ukuta unaolika msingi.
Madirisha yakafunguka meusi,
majina yakapanda juu ya tarakimu,
mshale ukiburuta utepe wa ute
kama konokono baada ya mvua.

Usiku nikampigia Zawiya, mpwa wangu,
anayesomea ufundi Mtwara mjini.
Habari za programu hakuuliza kabisa.
"Kiendeshi cha michoro ni cha mwaka gani?"
Nikasema sijui hata kinakaa wapi.
Akacheka. "Hakionekani, mjomba, kinakaa chini.
Programu inatamka nane, chenyewe ndicho kinachochora.
Mchoraji amezeeka, macho yamemfifia,
nawe unamchapa msemaji."

Megabaiti mia nne na ushei.
Huku kwetu juu mtandao huja kwa hisani.
Nikanunua bando la usiku, nikapanda magunia,
simu nikaiegemeza kwenye tundu la hewa.
Asilimia tisa. Panya wakapita.
Arobaini, ikaganda;
nikaisemesha taratibu
kama mbuzi aliyegoma mlangoni.
Adhana ya alfajiri ikanikuta na tisini na nane.

Kompyuta ikazima. Ikawaka. Ikazima tena
(na moyo wangu nao),
kisha ikafumbua macho.

Nane ilikuwa nane.
Haikuwa imepotea hata usiku mmoja.
Mle ndani ilikaa nzima, na kilo zake zote,
ila kila ikitoka nje
ilivikwa nguo ya tatu na fundi asiyeona.

Bi Somoe alifika kabla sijanawa uso.
Nikamgeuzia kioo. Akasoma kwa midomo,
akaigusa nane kwa ukucha
kama anayejaribu kama imeiva.
"Ndiyo yenyewe."

Nikaanza kumweleza ya kiendeshi,
ya mchoraji aliyezeeka, ya bando la usiku.
Akaninyooshea kiganja.

"Sawa, mwanangu. Sasa niandikie na kwenye karatasi.
Kwa kalamu.
Na hiyo nane yako uifunge vizuri."