Mwanya wa Vidole Viwili

Jumapili ya soko Kibuye, baada ya misa ya kwanza,
nilimkuta Vihenda amezitundika kama mbavu buchani:
koseti nyeusi, za kahawia, moja nyekundu yenye maua
ambayo hata mnunuzi wake ataijia gizani.

Akanizungushia tepu juu ya kitovu, pale panapokunjika
mtu anapoinama kuokota ufunguo.
"Thelathini na nne," akatangazia soko zima.
"Toa nne. Chukua thelathini."
Mimi niliyezaa mara mbili, ya pili mapacha,
mimi mwalimu wa hesabu darasa la tano,
sikuwahi kuona kutoa kukifanyiwa mwili wa mtu.

Akanifunza kuchagua.
Pinda mfupa: wa plastiki hubaki umepinda kama mjomba mwenye deni,
wa chuma hurudi wima.
Vuta kitambaa: kikinyooka kama unga wa chapati, kiache.
Na ndani pawe na pamba, maana Kisumu ya Februari
haimsamehe anayevaa mpira.
Nikalipa elfu mbili mia tatu.
Nikamwambia Odero mia nane.

Odero ni fundi viatu, karibu na mzunguko wa Kondele.
Aliigeuza mezani kama kiatu cha mteja mgeni,
akagonga pete za matundu kwa ukucha.
"Shaba kweli hii. Mia nane? Basi umeiba."
Kisha: "Miaka kumi na tisa nashona.
Mguu ukikataa kiatu, napanua kiatu.
Hajaja bado mtu nimwambie akapunguze mguu."

Lakini alifunga. Mikono yake inajua kamba:
akaanza juu, akaanza chini, akakutanisha kiunoni,
akaacha vitanzi viwili kama masikio ya sungura.
"Shika kitanda." Nikashika kitanda.
Harufu ya gundi mgongoni mwangu, goti lake
likinigusa kwa adabu.
Tangu lini hajanishika hapo?
Nyuma ukabaki mwanya wa vidole viwili.
"Hapo," akasema, "ni pako pa kupumulia."

Siku ya kwanza, saa mbili. Ya tatu, saa tatu.
Wiki ya pili nikasahihisha madaftari arobaini na nane
mgongo wima kama wa askari wa gwaride,
na yale maumivu niliyorithishwa na kiti cha shule
yakaondoka bila kuaga.
Semeni mtakavyo, hilo nililipenda.
Nilipenda na kioo.
Nilipenda gauni la kijani, lililolala sandukuni tangu mapacha,
likipanda bila ugomvi.

Mama alinifunga leso tumboni siku arobaini, kila uzazi,
kukusanya, alisema, vilivyotawanyika.
Hii haikusanyi. Hii inahamisha:
cha mbele kiko juu, cha juu kiko kooni,
na ugali wa saa saba umesimama njiani
kama mgeni asiyeambiwa karibu.

Jumapili ya Matawi. Safu ya pili, sauti ya kwanza,
kijani, kiuno cha nyigu.
Hosana moja ikatoka.
Ile nyingine, inayopanda na kukaa juu hesabu nane,
ilifika nne ikaniacha mdomo wazi.
Pumzi nilikuwa nayo, yote, lakini kifuani,
kama watu waliojazana orofani
na ngazi imeondolewa.

Nikatokea mlango wa sakristia.
Odero alikuwa amekaa ukutani, tawi mkononi.
Hakuuliza. Alishusha zipu shubiri moja,
akatafuta masikio ya sungura,
akavuta.

Nilirudi kabla ya sadaka.

Sasa Jumatatu naivaa.
Alhamisi, siku ya mazoezi ya kwaya, inabaki nyuma ya mlango,
kamba zikiburura, imeshika umbo la mtu
ambaye karibu niwe.
Vihenda anasema nikivumilia nitafika ishirini na nane.
Nilimpelekea Odero habari hizo kibandani.
Alikuwa na misumari mdomoni.
Akachagua mmoja, akapiga.