Tundu la Soketi ya Kumi

Sanduku lenyewe halikuwa langu. Lilibeba tarumbeta
ya mpangaji aliyehamia Edmonton na kuacha deni.
Leland, mwenye banda la ndege, alinisukumia kwa mguu:
"Chukua. Zana zako zimelala kama samaki waliomwagwa."

Hakukosea. Miaka kumi na tisa hapa Yellowknife
natengeneza ndege zituazo juu ya ziwa lililoganda,
na spana zangu zote
ndani ya ndoo.

Nikanunua sponji. Si ile ya godoro,
inayokubali kila kiuno kisha ikasahau.
Hii ni nyeusi, ngumu, inabishana na kidole.
Chini yake nikagandisha ya pili, njano kama kiini cha yai,
ili kitu kikikosekana
rangi ipige kelele.

Jumapili nzima. Nje nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
ndani mimi na Kyra Sangris, mwanagenzi wangu kutoka Dettah,
tukizipanga zana mezani kama wageni wa harusi:
nani akae na nani, nani asiguse kioo,
nyundo ya plastiki ikidai nafasi ya watu wawili.
"Kwa nini usichonge shimo moja kubwa, zote ziingie?"
"Hiyo itakuwa ndoo," nikamwambia, "ila yenye pembe."
Akacheka, akaendelea kuzizungushia kalamu nyeupe.

Kisu kilichopoa huchana sponji, hakikati.
Tulikipasha joto kwenye hita, tukakishika wima,
tukakata ndani ya mstari, kidogo tu ndani,
maana sponji lazima ikumbatie, isiazime.
Koleo nilililaza kifudifudi bila kujua,
tundu likatoka la mkono wa kushoto.
Nikatukana kwa Kifaransa cha mama yangu.
Kipande kizima kikatupwa. Tukaanza upya.
Kando ya kila tundu Kyra akachonga hilali,
pa kuingiza vidole vyenye glavu.

Matundu arobaini na mawili. Nikafunga, nikafungua,
nikafunga tena, kama mtoto na kiatu kipya.

Jumatano, saa tano usiku. Ghislaine alikuwa aruke alfajiri,
apeleke kaskazini dawa, betri na trei sita za mayai.
Injini tumeshaifunika. Nikainama kukusanya,
na pale, safu ya tatu, jicho la njano
likanikodolea.
Soketi ya kumi.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
na mimi nilikuwa nimejichongea daftari.
Tukafunua injini upya. Tochi, kioo, sumaku ya kamba,
Kyra amelala chali chini ya tangi,
Leland katoka nyumbani na pajama ndani ya koti,
hasemi neno, na kutosema kwake kuna uzito.
Saa saba. Saa nane.
Nikavua glavu nitafute kitambaa cha kujifuta,
mkono ukaingia mfuko wa paja, ukaguswa na baridi
ya duara ndogo.
Kikulacho, kweli, ki nguoni mwako.

Nikairudisha. Ikaingia na sauti ndogo,
kama mtu anayemeza mate.
Hakuna aliyenicheka. Ningependa wangecheka.
Maana ndoo haikuwahi kuniuliza chochote,
miaka kumi na tisa haikuniuliza,
na kuna usiku niliokwenda kulala vizuri sana.

Ghislaine akaruka. Mayai mawili tu yalivunjika, alisema redioni.

Wiki hii nimeona tundu la arobaini na tatu
kwenye kona ya sponji, dogo, halijafika njano.
Kazi ya Kyra. Nimemuuliza ni la nini.
"Bado," amesema, na kuendelea kufagia.
Kila jioni nahesabu, na hilo pia
nalihesabu.