Nguzo ya Tano

Mto Yalobusha una siku sita haujalala kwake.
Umepanda barabara, umemeza daraja dogo,
na basi la shule ninaloendesha limefungiwa bandani
na tope limefika kwenye vipini vya milango.
Machi hii Mississippi haina wanafunzi.
Nina mashua ya bati, thermosi ya kahawa,
na maji yenye rangi ya chai iliyozidishwa maziwa:
nikichovya kidole, kifundo cha pili kinapotea.

Besi haoni humu.
Samaki wa kinywa kipana, mroho,
mwenye taya kama mkoba uliosahauliwa wazi,
leo amepewa upofu sawa na sisi.
Lakini ana mstari ubavuni, toka shavu hadi mkia,
na kwa mstari huo husikia
kamba wa matopeni akirudi kinyumenyume,
chura akijuta kuamka mapema.
Nimemfungia chambo cheusi, buluu kidogo kwenye pindo,
njuga tumboni.
Taratibu. Maji bado yana baridi,
na mwenye baridi hakimbilii chakula,
hungoja kimsogelee puani.

Saa tatu nzima natupa, navuta.
Nimenasa mzizi. Nimenasa tairi.
Nimenasa kofia ya mtu, nikaikamua, nikaihifadhi.

Kisha mkondo ukanisukuma hadi malishoni kwa Alonzo Pettigrew.
Vichwa vya nguzo vilichungulia majini,
seng'enge imezama, ng'ombe wamepandishwa kilimani.
Tumenuniana miaka minne, Alonzo na mimi,
tangu mbwa wangu alipotafuna kanga wake kumi na mmoja
naye akaniletea bili ya kanga kumi na wawili.
Nililipa kumi na mmoja.

Alikuwa amesimama ukingoni na mabuti ya mpira,
mikono kifuani.
"Verlene, unavua shambani kwangu."
"Navua mtoni."
"Mto umekuja kunitembelea. Wewe sikukualika."

Ng'ombe mmoja akalia. Nikatupa.
Nikatupa tena, palepale,
na nikaona uso wake ukihangaika
kama wa mtu anayetazama mwingine akikosea kufunga vifungo.
"Hapo tambarare," akasema hatimaye. "Hapo hamna kitu.
Hesabu nguzo. Ya tano toka kwenye mwaloni.
Hatua tatu upande wa jua
kuna hori la mawe, baba alilijenga.
Nimejigonga goti pale tangu nina miaka saba."

Maji yalikuwa yamefunika kila kitu
isipokuwa goti lake.

Nikahesabu. Nikatupa.
Njuga zikashuka gizani, kisha: tok.
Jiwe. Jiwe lililokuwa limekunywa jua la mchana.
Nikaacha chambo kilale, nikakitikisa kidogo tu,
kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni kanisani.
Halafu uzi ukawa mzito.
Haukuvutwa; uliguswa,
jinsi mtu anavyokugusa mkono wa shati
kabla ya kukunong'oneza.

Nikakita. Fimbo ikapinda hadi majini,
tope likachemka, mkia ukanipiga kahawa ikamwagika,
nami nikamtia kidole gumba mdomoni,
kwenye vile vijino vya msasa.
Jike. Kilo tatu na zaidi.
Kijani chake kimepauka kwa kukosa mwanga,
tumbo limejaa mayai, limekaza kama ngoma.

Alonzo alikuwa ameingia hadi mapajani,
mabuti yamejaa, hana habari.
"Huyo wangu. Amenona kwa majani yangu."
"Tugawane. Unataka nusu ipi?"
Akatazama lile tumbo kwa muda.
"Mrudishe," akasema. "Ana kazi."

Nikamshikilia ubavuni mwa mashua mpaka akapata pumzi.
Tope likamfunga nyuma yake kama mlango.

Alonzo akaketi ukingoni, akavua buti moja,
akamwaga sehemu yake ya Yalobusha.
"Nguzo ya tisa," akasema akitazama kwingine,
"kuna kisiki. Kanga walikuwa wakilala juu yake."
"Wote kumi na wawili?"
"Tupa," akasema.